Pima Banda Kabla ya Kununua Mnyama

Watu wengi wanaotaka kufuga wanyama wadogo huanza na mnyama. Mtu huenda mnadani, huona sungura weupe wenye macho mekundu, huwapenda, hununua watatu. Akifika nyumbani ndipo anapotafuta mahali pa kuwaweka. Basi sungura wanatiwa katika tenga la kuku. Baada ya mwezi mmoja wamekufa, fedha zimepotea, na majirani wanasema, "Sungura hawafai kijijini kwetu." Sungura wanafaa. Kilichokosekana ni banda.

Katika somo hili tutaanza upande wa pili. Tutachukua nafasi uliyo nayo tayari, tutaipima, kisha tutauliza: ni mnyama gani anayeweza kukaa hapa akastawi? Wengi wetu tuna kasha la mbao tu, au kona moja ya nyumba. Wengine wana kibanda kilichobaki wazi baada ya kuku kufa kwa kideri. Tuanze na kasha.

KASHA LA MBAO

Chukua rula au kamba yenye alama. Pima urefu na upana wa ndani. Tuseme kasha lako lina urefu wa sentimita 90 na upana wa sentimita 60. Hapo mtu atasema, "Sungura wawili wataenea." Ndiyo, wataenea, kama abiria wanavyoenea ndani ya basi. Lakini nafasi hiyo ni ya sungura jike mmoja na watoto wake wanaonyonya. Dume hana mahali. Akikaa na jike siku zote atamsumbua, na watoto wachanga wanaweza kukanyagwa.

Kwa kasha kama hili anafaa simbilisi. Watu wa Iringa na Njombe wanamfahamu. Mahali pengine humwita panya, na huko ni kumwonea bure. Asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini, ambako watu wamemfuga kwa ajili ya nyama kwa maelfu ya miaka. Simbilisi si mrukaji wala hapandi ukuta, kwa hiyo kimo cha sentimita 45 kinatosha kumzuia. Tena dume mmoja hukaa na majike kadhaa bila ugomvi. Kasha letu linatosha dume mmoja na majike watatu.

Jike hubeba mimba kwa siku 68 hivi. Mara nyingi huzaa watoto wawili hadi wanne, nao huzaliwa wakiwa na manyoya na macho wazi. Hapa ndipo penye kazi. Watoto madume watolewe wakiwa na wiki tatu au nne, la sivyo watapanda mama zao na dada zao. Kwa hiyo hata mwenye kasha moja inampasa kuwa na kasha dogo la pili.

Simbilisi apewe majani mabichi kila siku. Mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C, kama vile mwili wa binadamu usivyoweza. Kumpa pumba peke yake ni kumwua polepole. Na kama kasha liko jikoni, liwe mbali na mafiga, maana moshi humwumiza kifua.

KIBANDA CHA MITA MBILI

Sasa tuseme una kibanda chenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1, kimo chake sentimita 60. Hapa unaweza kufuga sungura. Usiwatie wote pamoja. Gawa urefu ule wa mita 2 kwa vyumba vitatu. Kila chumba kitakuwa na sentimita 66 kwa mita 1. Chumba cha kwanza ni cha dume, cha pili ni cha jike, na cha tatu ni cha watoto walioacha kunyonya. Hivyo sungura wa kununua ni wawili tu. Muuzaji atakushawishi uchukue jike wa pili kwa bei nafuu. Mkatalie.

Kwa nini? Hebu tuhesabu. Jike hupelekwa chumbani kwa dume, wala si dume kupelekwa kwa jike, kwa sababu jike hupigania chumba chake. Siku 31 baadaye huzaa, pengine watoto saba. Watoto hawa ni uchi na hawaoni, kwa hiyo siku ya 28 ya mimba mwekee mama kijisanduku chenye nyasi kavu. Watoto wakifikisha wiki saba, yaani siku 49, wahamishie chumba cha tatu, na mama arudi kwa dume.

Jumlisha: siku 31 za mimba na siku 49 za kunyonyesha ni siku 80. Siku 80 baada ya kundi la kwanza kuhama, kundi la pili litagonga mlango wa chumba cha tatu. Wale wa kwanza wakati huo wana siku 129, zaidi ya miezi minne. Ni wakubwa, na madume wao wameshaanza kupigana na kupanda dada zao. Kwa hiyo anza kuwala au kuwauza madume wakifikisha miezi mitatu. Mama apumzike kama chumba hakijawa wazi. Ungekuwa na jike wa pili, watoto wake ungewaweka wapi? Sebuleni?

Sakafu nayo ni muhimu kuliko ukuta. Sungura akikaa juu ya mkojo na mavi yake hupata vidonda vya miguu na ugonjwa wa kuhara ambao huua watoto haraka. Tengeneza sakafu kwa mianzi iliyopasuliwa, ukiacha nafasi ya sentimita moja na nusu ili mavi yaanguke chini. Inua kibanda mita moja kutoka ardhini. Miguu yake isimamishe ndani ya makopo yenye oili chafu. Siafu wakipanda usiku hawabakizi kitu.

Nyumbani kwako kuna joto? Sungura huvumilia baridi kuliko jua. Mtu wa Lindi au Tanga aezeke kwa makuti, na kibanda kiwe chini ya mwembe. Bati la chini chini hugeuza kibanda kuwa tanuri. Mwenye kibanda cha bati kisicho na kivuli, namshauri aache sungura mpaka apate makuti.

Majani ya viazi vitamu yanafaa kwa wanyama wote wawili, yakinyaushwa kidogo kivulini. Majani ya viazi mviringo na ya nyanya yana sumu. Watoto wanaotumwa kukata majani waonyeshwe tofauti.

MASWALI

1. Kwa nini jike hupelekwa kwa dume?
2. Mama sungura amepandwa tarehe 1 Machi. Atazaa tarehe ngapi? Kijisanduku kiwekwe tarehe ngapi?
3. Kibanda kina urefu wa mita 3 na upana wa mita 1. Ukikigawa kwa vyumba vinne, kila chumba kitakuwa na upana gani?
4. Pima nafasi uliyo nayo nyumbani. Andika urefu, upana na kimo chake, kisha andika mnyama utakayemfuga na idadi yake. Leta darasani.