Kabureta ya Tu-stroki: Usipunguze Petroli kwa Kubahatisha

Somo kwa vikundi vya vijana wanaojifunza ufundi wa pikipiki, Kibera na Kawangware

Leo tunaingia ndani ya kabureta. Si kabureta ya Boxer, ambayo kila kijana pale stage ya 46 anaifungua akiwa amefumba macho, bali ile ya pikipiki ya mapigo mawili, ambayo mafundi huiita tu-stroki.

Najua kuna mtu atauliza, tu-stroki ziko wapi siku hizi? Ni kweli hazionekani sana. Tangu serikali iondoe VAT kwa pikipiki za chini ya sisi 250 mwaka 2008, barabara zetu zimejaa boda boda, na karibu zote ni za mapigo manne. Lakini Yamaha AG 100 na DT 125 za misheni na za watu wa kilimo bado zinatembea, na wenyewe huzileta Nairobi zitengenezwe. Pale uwanja wa Jamhuri, karibu kabisa na Kibera, yamefanyika mashindano ya pikipiki za kuruka matuta, na zile ndogo za watoto nyingi ni tu-stroki. Fundi anayejua kupanga jeti za pikipiki kama hizo halipwi pesa ya kuziba pancha. Hata jenereta ndogo ya kinyozi na msumeno wa kukatia miti hufuata kanuni hiyo hiyo. Kwa hivyo kazi ipo, ila mwenye kuijua ni mmoja mmoja.

Yaliyonipata barabara ya Magadi

Mwaka 2011 nilikuwa natumia DT 125 kuukuu ya programu yetu. Kazi yangu ilikuwa kuwarudisha watoto wa mitaani kwa jamaa zao, na safari zilikuwa nyingi. Petroli ilikuwa imepanda bei, na kila mwezi kamati ilikuwa inaniuliza mbona risiti ni nyingi hivi. Nikaipeleka pikipiki kwa kijana mmoja Kawangware aliyekuwa anajifunza kazi chini ya fundi. Akaisikiliza, akaniambia, "Madam, hii inakunywa sana. Wacha nikupunguzie." Nikamwambia, punguza.

Akatoa jeti kubwa, akapitisha uzi mmoja wa waya wa shaba kwenye tundu lake, akakunja ncha zote mbili, akairudisha. Kazi ya dakika kumi.

Kusema kweli nilifurahi. Pikipiki ikawa nyepesi, moshi ukapungua, petroli ikakaa. Wiki ya pili nikashika njia ya Kiserian kwenda kutafuta kwao mtoto mmoja upande wa Olorgesailie. Ukishapita Corner Baridi barabara inateremka tu, na joto linapanda. Nilikuwa nimevuta mafuta hadi mwisho. Kwanza nguvu zikapungua kama mtu amenishikia breki. Nikadhani ni upepo. Halafu injini ikalia mlio mwembamba, gurudumu la nyuma likafunga, nikaanguka. Namshukuru Mungu hakukuwa na lori nyuma yangu. Pistoni ilikuwa imeshika ndani ya silinda. Yule mtoto alikaa kituoni wiki tatu zaidi kabla hatujapata usafiri mwingine wa kwenda kwao.

Kamati iliamua kijana alipe pistoni na gharama ya kuchonga silinda. Hakuwa na kitu, kwa hivyo spana zake zikashikwa. Mimi katika mkutano ule nilinyamaza, ingawa mimi ndiye niliyesema "punguza".

Kwa nini ilishika

Kwenye pikipiki ya mapigo manne, oili iko chini ndani ya injini na ina kazi yake, petroli nayo ina yake. Kwenye tu-stroki oili inasafiri pamoja na petroli na hewa. Inapita penye krenki, inapaka beringi na ukuta wa silinda, kisha inaungua na kutoka kwa moshi. Na petroli yenyewe, inapoingia ikiwa bado mbichi, inapoza pistoni. Ukibana jeti, hewa inabaki ile ile na petroli inapungua, hivyo moto unakuwa mkali na kile cha kuupoza kimepungua. Kama oili umeichanganya kwenye tangi, nayo umeibana pia. Pikipiki yangu ilikuwa na pampu ya oili, kwa hivyo oili haikupungua. Joto peke yake lilitosha.

Sasa tuangalie hewa. Kibera na Kawangware ziko kama mita 1,700 hadi 1,800 juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita, lakini kabureta haijui hivyo na inazidi kumwaga petroli kana kwamba iko Likoni. Pikipiki iliyopangwa kwa hewa ya pwani ikiletwa hapa inashiba kupita kiasi. Plagi inakuwa nyeusi yenye unyevu, moshi unajaa, na ukivuta mafuta inakohoa. Hapo kupunguza jeti kubwa ni sawa kabisa, lakini kwa kipimo. Kutoka pwani hadi Nairobi upungufu ni kama nane hadi kumi kwa kila mia. Kama ilikuwa jeti namba 120, utaanza kujaribu karibu na 110.

Kwa hivyo yule kijana hakukosea aliposema inakunywa sana. Masikio yake yalisikia vizuri. Alikosea dawa, kwa sababu uzi wa waya hauna namba, na baada ya kuutia hakuna mtu duniani anayejua jeti ile imebaki ngapi. Halafu mimi nikaishusha. Magadi iko kama mita 600 tu. Kadiri unavyoteremka hewa inakuwa nzito, na jeti iliyobana Kawangware inakuwa imebana zaidi kule chini. Joto la bondeni linaipunguzia hewa uzito kidogo, lakini haliwezi kufidia mteremko wote ule. Mteja akisema anasafiri kwenda Magadi au pwani, mwekee jeti kubwa kidogo kabla hajaondoka, na akirudi umrudishie ile ya hapa. Ukienda Limuru, karibu mita 2,200, mambo ni kinyume, lakini huko hatari yake ni moshi na plagi chafu tu. Petroli ikizidi utakasirika, ikipungua utanunua injini.

Kila sehemu na zamu yake

Vijana wengi wakiona pikipiki inasumbua wanakimbilia jeti kubwa, na mara nyingi siyo yenye makosa. Chukua kipande cha karatasi ya gundi, bandika kwenye mkono wa mafuta, kingine kwenye sehemu isiyozunguka, na utie alama za robo, nusu, robo tatu na mwisho. Kisha endesha na uangalie inasumbua kwenye alama gani.

Ikisumbua ikiwa inaunguruma tu au hadi robo, hiyo ni jeti ndogo na skrubu ya hewa. Kuanzia hapo kidogo mkato wa slaidi unaingia, ila huo tuuache kwanza. Kati ya robo na robo tatu ni sindano ndiyo inatawala. Ina vijino na klipu: ukipandisha klipu sindano inashuka na petroli inapungua, ukishusha klipu sindano inapanda na petroli inaongezeka. Sogeza kijino kimoja tu kwa wakati. Kutoka robo tatu hadi mwisho ndiyo zamu ya jeti kubwa. Yule anayezunguka Kibera, kutoka Toi hadi Makina, ni mara chache sana atafika huko, kwa sababu njia haziruhusu. Petroli anayolalamikia inapitia kwenye sindano na jeti ndogo. Unambania jeti kubwa ya nini?

Hapa kwenye skrubu tuliza akili, maana wengi wanapotea. Ile ya Boxer iko upande wa injini na inapima mchanganyiko wenye petroli, kwa hivyo ukiifungua petroli inaongezeka. Kwenye tu-stroki nyingi skrubu iko upande wa filta na inapima hewa, kwa hivyo ukiifungua hewa inaongezeka na petroli inapungua. Mkono uliozoea Boxer utafungua ukidhani unaongeza chakula, kumbe unakausha. Kabla hujatia bisibisi angalia skrubu iko upande gani wa slaidi. Ikiwa ni ya hewa, kaza polepole mpaka iguse (usiilazimishe, utaharibu kiti chake), fungua mzunguko mmoja na nusu, washa injini ipate moto, kisha tafuta mahali inapounguruma vizuri zaidi. Ukiona inapenda chini ya mzunguko mmoja, jeti ndogo ni ndogo mno. Ikitaka zaidi ya miwili na nusu, ni kubwa mno.

Kabla ya kugusa jeti

Mzee mmoja wa Toi aliyenifungulia ile injini alinipa kazi ya kwanza kabla ya kunieleza lolote: nitafute hewa ya wizi. Mpira unaounganisha kabureta na injini ukipasuka, au sili ya krenki ikichoka, hewa inaingia bila kupita kwenye kabureta, na hakuna jeti itakayokusaidia. Dalili yake ni kwamba injini inapanda mbio yenyewe, na ukiachia mafuta inachelewa kushuka. Angalia pia filta, kama ni safi na imepakwa oili yake. Ukipanga jeti filta ikiwa imejaa vumbi, siku mwenyewe akiiosha umemkausha. Angalia na petroli yenyewe. Mafuta ya taa yalikuwa yanachanganywa sana hata serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Petroli ya namna hiyo inagonga pistoni, na mtu anaweza kudhani ni jeti.

Kwa wanaochanganya oili kwenye tangi, kuna jambo linaloshangaza. Mtu akiogopa injini isishike, anaongeza oili. Lakini tundu la jeti ni lile lile, na kikiingia oili zaidi, petroli inayopita ni kidogo zaidi. Unaongeza oili na unakausha moto! Fuata kitabu cha pikipiki. Kama ni moja kwa 50, lita tano za petroli zinataka mililita 100, na kama ni moja kwa 40 zinataka 125. Pima kwa chupa yenye alama, si kwa kifuniko cha soda. Hawa wa kuchanganya wakumbuke pia kwamba ukiteremka mlima mrefu ukiwa umeachia mafuta kabisa, injini inazunguka kasi na oili haiji. Kila baada ya muda vuta kidogo.

Kujaribu

Anza na petroli iliyozidi kidogo, ushuke namba moja moja. Usianze kukavu. Tafuta barabara iliyonyooka asubuhi mapema, si kwenye kichochoro cha Gatwekera ambako watoto wanacheza. Tia plagi mpya, injini ipate moto, vuta hadi mwisho kwa muda mfupi, kisha kwa wakati mmoja shika klachi na uzime. Toa plagi uitazame ndani kabisa, chini kwenye udongo wake mweupe. Rangi ya chokoleti ni nzuri. Nyeupe yenye chembe chembe zinazong'aa, acha mara moja na uongeze jeti. Wazee waliojifunza kazi kabla ya 2006, petroli ilipokuwa bado na risasi, wanasema rangi ilikuwa inaonekana haraka zaidi, kwa hivyo usitegemee plagi peke yake. Sikiliza injini pia. Na katika kujaribu kote kidole kiwe juu ya klachi, kwa sababu injini ikishika ni hicho kitakuokoa usianguke kama mimi.

Jeti mpya zinapatikana Kirinyaga Road. Nenda na ile ya zamani mkononi, maana nyuzi zinatofautiana, na namba ya kampuni moja si lazima ilingane na ya nyingine. Kusafisha jeti tumia pumzi ya kompresa au uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Sindano ya kushonea na waya vinapanua tundu, na ukishalipanua namba iliyoandikwa pale ni uongo. Kila kikundi kiwe na daftari: pikipiki gani, jeti namba ngapi, klipu kijino cha ngapi, skrubu mizunguko mingapi, na mteja anakwenda wapi.

Ya kuzungumzia kikundini

Leteni kabureta moja mbovu na muifungue pamoja. Skrubu yake iko upande gani? Jeti ina namba, au kuna mtu ameshaipitisha waya?

Mteja akisema, "Nipunguzie mafuta tu, mengine sitaki kujua," na wewe unajua itashika, utamjibu nini? Mmoja awe mteja, mwingine fundi, muigize.

Katika ile habari ya DT, nani alipaswa kulipa pistoni: kijana, fundi aliyekuwa anamfundisha, kamati, au mimi? Na zile spana zingerudishwaje?