Namna Mwalimu Anavyoweza Kuijibu Tathmini ya Kazi Yake

Kila mwaka kazi ya mtumishi wa umma hupimwa, na mwalimu wa shule ya msingi ya Serikali ni mtumishi wa umma. Matokeo ya kipimo hicho huangaliwa anapofikiriwa kupandishwa daraja. Hata hivyo, wanachuo wengi huhitimu wakijua namna ya kumpima mwanafunzi, bila ya kujua namna ya kujibu watakapopimwa wao wenyewe. Makala haya yanakusudia kuwasaidia wale watakaofundisha katika shule za Serikali nchini Tanzania.

1. Utaratibu

Hapo zamani zilitumika taarifa za siri. Mkubwa wa kazi aliandika maoni yake akayapeleka ngazi ya juu, na kwa kawaida mtumishi hakuyaona. Mwaka 2004 Serikali ilianzisha mfumo wa wazi, uliojulikana zaidi kwa jina la OPRAS. Katika mfumo huo mtumishi na msimamizi wake walikubaliana malengo mwezi Julai, wakayapitia Desemba, na kufanya tathmini mwezi Juni. Kila mmoja alitoa alama yake, kuanzia 1 iliyo bora kabisa hadi 5 iliyo mbaya kabisa, kisha wakatafuta alama ya makubaliano. Siku hizi fomu hizo za karatasi zimeupisha mfumo wa kompyuta uitwao PEPMIS. Chombo kimebadilika, lakini msingi umebaki: mpimwaji naye ana sauti.

2. Jibu huanza na lengo

Lengo lisilopimika halina utetezi. Mwalimu akiandika "kufundisha kwa bidii", atakosa la kuonyesha iwapo mwalimu mkuu ataona kwamba bidii haikuwapo. Afadhali aandike: "Ifikapo Juni, wanafunzi 40 kati ya 60 wa darasa la 2 waweze kusoma kifungu kifupi kwa ufasaha."

Hapa pana jambo ambalo walimu wageni husahau. Mwaka wa fedha huanza Julai, lakini mwaka wa shule huanza Januari. Wanafunzi aliokuwa nao mwalimu mwezi Julai siyo atakaokuwa nao Juni. Kwa hiyo lengo ligawanywe mara mbili: Julai hadi Desemba kwa darasa linaloondoka, na Januari hadi Juni kwa darasa linaloingia. Mapitio ya katikati ya mwaka ndiyo nafasi ya kufanya marekebisho hayo.

3. Kumbukumbu

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Azimio la kazi, maandalio ya masomo, shajara ya somo, daftari la mahudhurio na orodha ya alama ndiyo mashahidi wa mwalimu. Visijazwe kwa pupa mwezi Juni. Kikwazo kikitokea, mwalimu amjulishe mwalimu mkuu kwa maandishi wakati ule ule, akabaki na nakala. Sababu inayosikika kwa mara ya kwanza siku ya tathmini hufanana na kisingizio, hata ikiwa ya kweli.

4. Namna ya kujibu

Tuchukue mfano. Kati ya wanafunzi 40 waliokusudiwa, 33 tu ndio waliofikia lengo. Mwalimu mkuu ameandika: "Hana juhudi." Mwalimu mwenye hasira atajibu: "Nimeonewa, mwalimu mkuu hanipendi." Jibu hili halina ushahidi, tena linamgeuza msomaji kuwa mwamuzi wa ugomvi. Jibu lililo bora ni hili:

"Nakubali kuwa lengo lilikuwa wanafunzi 40 na waliofikia ni 33. Mwezi Machi na Aprili nilifundisha mikondo miwili kwa pamoja, mwenzangu akiwa katika likizo ya uzazi. Nilitoa taarifa kwa barua, na nakala ninayo. Shajara inaonyesha kuwa vipindi vyote vilifundishwa. Naomba alama ya juhudi ifikiriwe upya."

Jibu hili lina hatua nne: linakiri lililo kweli, linaeleza sababu, linataja ushahidi, na linaomba jambo moja mahususi. Halimtaji mtu kwa ubaya.

Pale lawama inapostahili, mwalimu aikubali na kueleza atakavyojirekebisha. Ikiwa baada ya mazungumzo bado hajaridhika, aandike maoni yake kwa ufupi na kwa adabu, kisha apeleke barua ngazi ya juu kupitia kwa mwalimu mkuu. Kunyamaza si heshima. Maneno yasiyojibiwa hubaki katika kumbukumbu kana kwamba yamekubaliwa.

5. Zoezi

Wanachuo wagawanyike wawili wawili, mmoja awe mwalimu mkuu na mwingine mwalimu. Kila jozi iandike lengo moja linalopimika, itoe alama mbili zinazotofautiana, kisha ijadiliane mpaka ifikie alama ya makubaliano. Baadaye darasa lijadili: ni ushahidi upi uliobadilisha alama, na ni maneno yapi yaliyokwamisha mazungumzo?