Mtoto Hula Nini Jumamosi na Jumapili?

Msomaji, mtoto anayesinzia darasani Jumatatu huenda si mvivu, ana njaa. Chakula cha shule, mpango ulioanza nchini mwaka wa 1980, hutolewa siku za masomo pekee. Akiba ya sukari katika ini la mtoto haimalizi siku moja. Ikiisha, yeye hulegea na akili huzubaa.

Majirani wa Rhonda au Kivumbini, Nakuru, wanaweza kuchanga. Ijumaa apewe nusu gorogoro ya mahindi na robo ya maharagwe apeleke nyumbani. Maharagwe huziba upungufu wa protini ya mahindi. Msitoe mahindi yenye ukungu: sumu yake iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka wa 2004. Mwalimu naye agawe faraghani, mtoto asiaibike.