Nakala ya Zamani: Kwa Nini Sahihisho la Programu ya Wavuti Halionekani

Na uchukuliwe mfano wa mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyeandika, kwa lugha ya Python, programu ya wavuti ya kuonyesha wastani wa alama za darasa lake. Jumla ya alama ilikuwa 1,740. Kwa kusahau kuwa mwenzao mmoja hakufanya mtihani, aliigawanya jumla hiyo kwa 30 badala ya 29, na ukurasa ukaonyesha wastani wa 58. Alipogundua kosa alifungua faili, akafuta 30, akaandika 29, akahifadhi. Aliporudi kwenye kivinjari, ukurasa ulikuwa bado unaonyesha 58. Alipiga hesabu kwa kalamu akapata 60. Akadhani kuwa kompyuta ilikuwa ikikata desimali vibaya, basi akaongeza 2 mwishoni mwa mstari ili jibu lilingane na la karatasi. Bado 58. Usiku uliingia, kompyuta ikazimwa. Asubuhi programu ilipowashwa mbele ya mwalimu, ukurasa ulionyesha 62.

Sahihisho la kwanza lilikuwa sahihi kabisa. La pili ndilo lililoharibu kazi, nalo lilitokana na ushahidi usiofaa: mwanafunzi alikuwa akiitazama programu ya zamani huku akiamini kuwa anaijaribu mpya. Ni sawa na mtu abadilishaye betri katika saketi moja huku akisoma ammita iliyofungwa katika saketi nyingine. Usomaji wake ni wa kweli, ila hauhusu kitu anachokichunguza.

Njia ya msimbo kutoka diski hadi kioo

Kosa hili huwapata hata mafundi wa miaka mingi, kwa sababu macho hudanganyika kwa urahisi. Mwandishi wa programu huliona faili upande mmoja wa kioo na ukurasa upande wa pili, akadhani kuwa vitu hivyo viwili vimeungana. Kwa kweli kati yao kuna nakala kadhaa. Msimbo huandikwa katika faili lililo diskini. Pengine hutafsiriwa kwanza na kutoa faili la pili. Kisha seva, yaani programu inayojibu maombi ya kivinjari, huusoma na kuuweka katika kumbukumbu yake. Kivinjari nacho hupokea jibu, hulionyesha, na mara nyingi huweka nakala yake katika ghala liitwalo kache. Kila nakala ilitengenezwa kwa sababu nzuri, hasa kuokoa muda, na kila moja yaweza kubaki nyuma wakati faili la asili limekwisha kubadilika.

Kwa hiyo swali la kwanza la mchunguzi lisiwe “Msimbo wangu una kosa gani?” bali “Je, ninachokitazama kimetokana na msimbo huu?” Swali hilo hujibiwa kwa jaribio moja jepesi: kuharibu faili kwa makusudi. Mwanafunzi na aandike katikati ya msimbo neno lisilo na maana yoyote, ahifadhi, kisha aombe ukurasa upya. Ukurasa ukiendelea kujitokeza salama salimini, basi faili hilo halisomwi. Na hapo hapana haja ya kulisahihisha lolote mpaka ijulikane ni lipi linalosomwa. Wala si ajabu kukuta kuwa faili linalohaririwa limo katika folda moja, na seva inaendesha nakala iliyobaki katika folda nyingine.

Nakala iliyomo katika kumbukumbu

Kilichompata mwanafunzi wa mfano ni jambo la kumbukumbu. Python huisoma moduli mara moja tu, pale programu inapoiita kwa mara ya kwanza, kisha huitumia ile iliyo kumbukumbuni hadi programu izimwe. Kubadilisha faili diskini hakuigusi programu inayoendelea kukimbia. Dawa ni kuizima seva na kuiwasha tena. Seva za kufanyia majaribio zina msaada katika jambo hili: seva ya majaribio ya Django huyachunga mafaili na kujiwasha upya yanapobadilika, ilhali Flask hufanya hivyo iwapo tu imewashwa katika hali ya kutafuta makosa. Anayehama kutoka Django kwenda Flask bila kulijua hilo hupoteza saa nyingi.

Wengi huilaumu folda iitwayo __pycache__, ambamo Python huweka msimbo uliokwisha kutafsiriwa. Lawama hiyo kwa kawaida ni ya bure. Python hulinganisha tarehe na ukubwa wa faili la asili na zile ilizoziandika zamani, na zikitofautiana hutafsiri upya.

Jambo la hila zaidi ni seva ya zamani isiyokufa. Kila seva hushika mlango wenye namba, kwa mfano 8000. Ikiwa ile ya jana bado inakimbia katika dirisha lililosahauliwa, ile ya leo hushindwa kuushika mlango huo, huandika ujumbe wa kosa ambao haukusomwa na mtu, na kivinjari huendelea kujibiwa na mzee wa jana.

Kisa cha mwaka 1976

Tatizo hili ni kongwe kuliko wavuti yenyewe. Mwaka 1976, katika maabara za Bell huko Marekani, Steve Johnson, mtunzi wa programu maarufu ya yacc, aliingia ofisini mwa mwenzake Stuart Feldman akiwa amekasirika. Alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu isiyokuwa na kosa. Kosa lilikuwa limekwisha kusahihishwa katika faili la asili, lakini faili hilo halikutafsiriwa upya, na programu iliyokuwa ikijaribiwa iliundwa kwa vipande vya zamani. Feldman, ambaye naye yalikwisha kumpata kama hayo, alitunga programu iitwayo make. Hiyo hulinganisha wakati wa faili la asili na wakati wa faili lililotokana nalo. La asili likiwa jipya zaidi, hutafsiriwa upya. Make ingali ikitumika hadi leo, na wazo lake limo katika zana nyingi za kutayarishia kurasa za wavuti.

Wazo hilo lategemea saa. Faili lililonakiliwa pamoja na tarehe yake kutoka katika kompyuta ambayo betri ya saa imekufa laweza kubeba tarehe ya miaka iliyopita. Make italiona kuwa kuukuu, na haitalitafsiri. Walimu wenye maabara za kompyuta zilizozeeka wana sababu ya kulikumbuka hili.

Ghala la kivinjari

Seva ikishapona, hubaki kivinjari. Kwa itifaki ya HTTP, seva yaweza kukiambia kivinjari muda wa kuitunza nakala: max-age=3600 maana yake ni sekunde 3,600, yaani saa moja, ambayo ndani yake kivinjari kina ruhusa ya kutoiuliza seva kitu. Muda ukiisha, huuliza kama faili limebadilika. Likiwa halijabadilika, seva hujibu kwa namba 304 bila kulituma upya.

Seva isipotaja muda, kivinjari hukadiria chenyewe. Kanuni za mwaka 1999 na zile za 2022 zinataja sehemu moja ya kumi ya umri wa faili kuwa kipimo cha kawaida. Faili lililobadilishwa mara ya mwisho siku 20 kabla ya kuchukuliwa laweza, kwa kipimo hicho, kutunzwa siku 2 bila swali. Ndiyo maana sahihisho la kwanza baada ya mapumziko marefu ndilo lililo rahisi zaidi kufichika, kwani faili lililotulia muda mrefu huaminiwa muda mrefu.

Maneno mawili ya itifaki hiyo huwachanganya wanafunzi. Amri ya no-cache haimaanishi “usitunze”. Yamaanisha “tunza, lakini uliza kabla ya kutumia”. Inayokataza kutunza ni no-store. Kwa kazi ya majaribio, kubonyeza Ctrl, Shift na R kwa pamoja hukilazimisha kivinjari kuchukua ukurasa upya. Zana za wasanidi zilizomo kivinjarini nazo zaweza kuizima kache, ila kwa muda ule tu zinapokuwa zimefunguliwa.

Kurasa nyingine huacha ndani ya kivinjari programu ndogo inayosimama kati ya ukurasa na seva, na kujibu maombi kwa niaba yake. Programu hiyo hufungamana na anwani pamoja na namba ya mlango, wala si na kazi fulani. Mwanafunzi aliyefanya kazi moja katika mlango 3000 mwezi uliopita, akaanza nyingine leo katika mlango huo huo, aweza kuonyeshwa ukurasa wa kazi ya zamani, hata kama faili lake halimo tena diskini. Yampasa aiondoe kwa zana zile zile za wasanidi.

Jaribio la darasani

Darasa na litafute faili la mtindo, lenye rangi za ukurasa, ambalo halijaguswa kwa siku 90, na kulitoa kwa seva ndogo inayowashwa kwa amri python -m http.server 8000. Ukurasa ufunguliwe mara moja, rangi ibadilishwe katika faili, kisha ukurasa ufunguliwe katika kichupo kipya bila kuuburudisha. Wakati huo huo mwanafunzi mwingine aombe faili lile lile kwa programu ya curl, isiyotunza kache, na majibu yalinganishwe. Curl ikileta rangi mpya na kivinjari kikionyesha ya zamani, nakala mbovu iko upande gani wa njia? Na kwa kipimo cha sehemu moja ya kumi, kivinjari chaweza kuitunza kwa siku ngapi?