Mji wa Loboc: Sauti Inayoanzia Kijijini

Somo la kujadiliwa katika vikundi

Leo tunajifunza kutoka Loboc, mji mdogo kando ya mto katika kisiwa cha Bohol, nchini Ufilipino. Hebu tujiulize: mwananchi wa kawaida anasikilizwa lini, kabla ya mradi kuanza au baada ya mambo kuharibika?

Historia kwa ufupi

Mapadri Wajesuiti walifika Loboc mwaka 1596 wakapafanya kituo chao. Kanisa la mawe la Mtakatifu Petro lilijengwa mwaka 1734. Mto uliwapa watu njia na samaki, lakini mwaka 1876 uliwaletea mafuriko makubwa.

Baadaye daraja la saruji lilianza kujengwa juu ya mto huo. Shida ni kwamba lilielekezwa moja kwa moja kwenye kanisa na mnara wake wa kengele. Kulimaliza kungekuwa kubomoa urithi wa mji. Wenyeji walipinga, kazi ikasimama, na daraja likabaki nusu, likiishia hewani. Kanisa lilisalimika, lakini pesa za umma zilikwisha kuzama.

Tarehe 15 Oktoba 2013 tetemeko la ardhi liliangusha sehemu kubwa ya kanisa hilo. Lilijengwa upya, likafunguliwa tena mwaka 2021.

Utawala wa mahali

Kitengo cha chini kabisa cha serikali huko huitwa barangay, yaani kama kijiji au mtaa. Jina hilo latokana na mashua za kale: waliosafiri pamoja walikaa pamoja. Loboc una barangay 28. Juu yake yuko meya na baraza la madiwani, wote wa kuchaguliwa.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1991 iliwapa wananchi nguvu hizi:

1. Kila barangay huchagua kapteni wake na madiwani 7.

2. Wakazi wenye umri wa miaka 15 na zaidi hukutana angalau mara mbili kwa mwaka. Viongozi husoma hesabu mbele yao.

3. Kamati ya wapatanishi, watu 10 hadi 20, husuluhisha ugomvi wa majirani kabla haujafika kortini.

4. Serikali kuu sharti ishauriane na wenyeji kabla ya kuanza mradi kwao.

Hilo la nne ndilo lililokosekana wakati wa daraja. Kupinga jambo likiwa limeshaanza si mchezo, na gharama yake ni kubwa. Hata hivyo, sheria peke yake haitoshi. Mkutano usiohudhuriwa ni karatasi tu.

Maswali ya majadiliano

1. Kwenu kuna mradi uliokwama? Nani aliulizwa kabla haujaanza?

2. Mara ya mwisho mlisomewa hesabu ya pesa za umma lini?

3. Kikundi chenu kitafanya nini ili mkutano ujao uhudhuriwe, na vijana wakiwemo?