SOMO LA GARI: JE, FENI YA UMEME HUIPA INJINI NGUVU?

Sisi watu wa Songwe tunaishi kando ya barabara kubwa. Malori hutoka Dar es Salaam, hupita Vwawa, hufika Tunduma, kisha huvuka mpaka kwenda Zambia na Kongo. Kwa sababu hiyo kila kitu cha gari hupita mlangoni petu: tairi, oili, vipuri vizuri na vipuri vibovu.

Leo tutasoma habari za kidude kimoja kidogo. Ni feni iliyofungwa ndani ya bomba fupi, nayo ina waya mbili. Fundi hukata paipu inayopeleka hewa kwenye injini, huipachika feni humo, kisha huunga waya kwenye umeme wa betri. Wauzaji huiita supachaja ya umeme. Wengine husema tabo ya umeme. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na tabo ya kweli. Nao huahidi mambo mawili kwa mpigo: eti gari litapata nguvu zaidi, na eti litakula mafuta kidogo zaidi.

Pengine utasema, mimi sina gari, somo hili lanihusu nini? Lakini viko vikundi vilivyochanga fedha ya kahawa au ya mahindi vikanunua Noah au kirikuu. Mtunza fedha wa kikundi ataletewa karatasi aidhinishe fedha ya kununua feni. Je, atie sahihi au asitie? Na wewe mwanakikundi, utanyoosha mkono? Basi tusome.

INJINI INAKULA HEWA

Moto wa jikoni hauwaki bila hewa. Funika jiko la mkaa kwa sufuria kubwa, utaona moto unavyofifia. Injini nayo ni vilevile. Ndani yake petroli au dizeli huungua, na ili iungue inahitaji hewa nyingi sana. Kilo 1 ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa. Ndiyo, hewa ina uzito, ila hatuuoni.

Hewa hiyo injini huivuta yenyewe. Pistoni ikishuka ndani ya silinda, huvuta hewa kama mtu avutavyo pumzi. Tufanye hesabu. Injini ya lita 2, kama zilivyo za Noah nyingi, huvuta lita 2 za hewa kila inapozunguka mara mbili. Ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, maana yake inavuta mara 2,000. Mara 2,000 kwa lita 2 ni lita 4,000. Debe moja huchukua karibu lita 20. Basi injini hiyo ikishiba kabisa hunywa kama debe 200 za hewa katika dakika moja!

Sasa, muuzaji wa feni ana neno moja la kweli, na ni vizuri tulikubali. Hewa ya kwetu ni nyepesi. Tunduma iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda juu, hewa hupungua uzito. Injini isiyo na tabo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Gari lililokuwa na nguvu 100 pale bandarini Dar es Salaam, likifika kwetu hubaki na kama 85. Dereva hasemi uongo anapolalamika kuwa gari linachoka mlimani. Ukishuka nalo kuelekea bonde la Ziwa Rukwa, kule Kamsamba, hewa huwa nzito kidogo, na gari hupata nafuu.

Kwa hiyo ugonjwa upo. Swali ni kama dawa hii inautibu.

PAMPU YA BAISKELI NA UNGO

Chukua tairi la baiskeli lisilo na upepo. Kaa mbele ya kile kichuchu cha kujazia upepo, kisha upepee kwa ungo. Pepea tangu asubuhi hadi jioni. Je, tairi litajaa? Halitajaa. Lakini ungo umetikisa hewa nyingi, hata majani yamepeperuka!

Sasa chukua pampu. Pampu haitoi upepo wa kupeperusha majani, lakini tairi linajaa. Sababu ni kwamba pampu huikamata hewa na kuishindilia. Kutembeza hewa ni kazi moja. Kushindilia hewa ni kazi nyingine, tena ni nzito. Mkono wako unajua: tairi likikaribia kujaa, pampu inakuwa ngumu na bomba lake linapata moto.

Supachaja ya kweli ni pampu. Huzungushwa na mkanda kutoka kwenye injini yenyewe. Tabo pia ni pampu, ila huzungushwa na moshi unaotoka kwa nguvu kwenye ekzosi. Mswisi mmoja, Alfred Büchi, ndiye aliyeandikisha uvumbuzi wa tabo mwaka 1905. Tabo ya gari dogo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Malori makubwa unayoyaona yamepanga foleni pale mpakani yana tabo, na ndiyo maana yanaweza kupanda milima na mzigo wa tani nyingi. Tena injini zake zimeundwa kwa ajili ya tabo tangu kiwandani: pistoni imara, mafuta ya kutosha, na chombo cha kuipoza ile hewa iliyopata moto kwa kushindiliwa.

Feni ndogo ya plastiki ni ungo.

WAYA HAUSEMI UONGO

Labda mtu atabisha: feni ya umeme ina kasi, si kama mkono wa mtu na ungo. Haya, tuhesabu umeme.

Nguvu za umeme hupimwa kwa wati. Ili kuishindilia hewa ya injini ya lita 2, ile ya debe 200 kwa dakika, iongezeke kwa nusu ya ilivyokuwa, zinahitajika kama wati 4,000 hadi 5,000. Betri ya gari dogo ina volti 12. Gawanya 4,000 kwa 12. Unapata zaidi ya ampea 300. Ampea ndicho kipimo cha umeme unaopita kwenye waya, kama vile lita ni kipimo cha maji yanayopita kwenye bomba.

Sasa fungua boneti utazame waya wa stata, ile mota inayowasha injini. Ni mnene kama kidole. Unabeba ampea nyingi, tena kwa sekunde chache tu. Dereva akishikilia ufunguo muda mrefu, waya unapata moto na betri inakwisha. Feni yetu ingehitaji waya mnene kama huo, na ingeutumia muda wote wa kupanda mlima. Lakini tazama waya wake: mwembamba kama wa redio. Feni inayokula ampea 5 ina wati 60 tu, maana 5 mara 12 ni 60. Wati 60 dhidi ya wati 4,000! Ni sawa na kumtuma mtoto wa shule ya vidudu abebe gunia la mahindi.

Mimi nashauri mkumbuke jambo hili la waya kuliko mengine yote. Karatasi ya tangazo huandikwa chochote. Waya mwembamba hauwezi kujifanya mnene.

Kuna jambo jingine. Injini inapofanya kazi kwa nguvu, huvuta hewa kwa kasi kuliko feni inavyoweza kuisukuma. Hapo feni haisukumi tena. Hewa inayopita ndiyo inayoizungusha feni, kama upepo unavyozungusha pangaboi. Basi mapanga yake na mota iliyokaa katikati ya paipu yanakuwa kizuizi. Umelipa fedha uwekewe kizibo.

Je, hakuna supachaja ya umeme ya kweli hata moja? Ipo. Mwaka 2016 kampuni ya Audi ya Ujerumani ilileta gari liitwalo SQ7, lenye tabo mbili za kawaida na pampu moja ya umeme ya kuzisaidia. Lakini pampu hiyo haikupewa volti 12. Ilifungiwa mtambo wake wa umeme wa volti 48, nayo hutumia hadi wati 7,000. Tena hufanya kazi kwa muda mfupi tu, dereva anapokanyaga mafuta na tabo za kawaida hazijaamka. Linganisha na kidude cha waya mbili.

"LAKINI LA JIRANI LILICHANGAMKA!"

Neno hili hutasikosa kulisikia kijiweni. Huenda jirani huyo hasemi uongo. Fikiri fundi alifanya nini siku ile. Ili aipachike feni, alifungua paipu ya hewa. Alipofungua, akaikuta eaklina, yaani chujio la hewa, imejaa vumbi jekundu la barabara zetu. Akaikung'uta, au akaweka mpya. Akakaza paipu iliyokuwa imelegea. Gari likapumua. Sifa akapewa feni!

Halafu feni inavuma, na masikio hudanganya mwili. Mtu aliyetoa laki moja anatamani aone laki yake imefanya kazi. Atakanyaga mafuta zaidi kidogo bila kujijua, kisha aseme, "Unaona linavyokwenda?"

Madhara nayo yapo. Feni hukaa ng'ambo ya chujio, upande wa injini. Panga la plastiki likikatika, hakuna cha kulizuia lisimezwe na injini. Waya uliounganishwa na betri bila fyuzi ukikwaruzika na kugusa bodi, huweza kuwasha moto. Na feni iliyosahaulika bila kuzimwa usiku itamaliza betri, asubuhi mtasukuma gari.

Fedha hiyo ina kazi nyingine nyingi. Eaklina safi, plagi au nozeli zilizokaguliwa, tairi zenye upepo wa kutosha, breki zisizogandia magurudumu: hayo ndiyo huondoa uzito kwenye gari. Na mzigo usizidi. Kuhusu breki nitasema neno moja zaidi. Tunaoijua njia ya Mbeya tunaujua mteremko wa Senjele na ajali zake. Magari mengi yaliyoumiza watu pale hayakukosa nguvu za kupanda. Kikundi chenye shilingi laki moja na breki zilizokwisha hakina haja ya mkutano mrefu.

PIMENI WENYEWE

Kama kikundi kimekwisha kununua feni, isitupwe kwanza. Ipimwe. Wekeni swichi mahali ambapo dereva haioni, na mtu mmoja tu ndiye ajue kama imewashwa au imezimwa. Chagueni mwinuko mfupi usio na magari wala watoto, si barabara kuu. Wekeni alama mbili, ya kuanzia na ya kumalizia. Pakieni magunia yaleyale kila mara, abiria wasiwemo. Dereva aanze akiwa amesimama, nanyi mpime sekunde kwa saa ya simu. Fanyeni mara nane: mara nne imewashwa, mara nne imezimwa, bila mpangilio ambao dereva anaweza kuubuni. Feni ikivuma sana, washeni redio asiisikie. Mwandike kila namba katika daftari. Mwisho ndipo mfunue ni safari zipi zilikuwa za feni.

Mafuta hupimwa hivi. Jazeni tanki mpaka juu, andikeni namba ya kilomita. Gari lifanye kazi yake ya kawaida wiki nzima, feni imezimwa. Jazeni tena mpaka juu, kwenye pampu ileile, mwandike lita zilizoingia na kilomita zilizotembewa. Wiki inayofuata feni iwashwe, mfanye vivyo hivyo. Kisha gawanyeni kilomita kwa lita.

ZOEZI LA DARASA

1. Someni tena habari ya tairi na ungo. Kila mmoja amweleze mwenzake, kwa maneno yake mwenyewe, tofauti ya kutembeza hewa na kushindilia hewa.

2. Feni moja imeandikwa volti 12 na ampea 4. Ina wati ngapi?

3. Kikundi kimoja kina kirikuu. Wiki ya kwanza, feni ikiwa imezimwa, gari lilitembea kilomita 1,240 kwa lita 124. Wiki ya pili, feni ikiwa imewashwa, lilitembea kilomita 1,180 kwa lita 118. Muuzaji amekuja kwenye mkutano, ametazama daftari, akasema: "Mmeona ndugu zangu? Wiki moja tu, lita 6 zimebaki!" Gawanyeni, kisha mumjibu.