Nguo za Mtoto Mchanga Zisiwe Mlango wa Butura

SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI



Katika mkoa wetu wa Kagera neno "butura" halihitaji maelezo marefu. Ni kuuza kahawa ingali maua, au ingali mbichi mtini, kwa bei ya kutupa, ili kupata fedha za haraka. Mnunuzi hujipatia faida, mkulima hubakiwa na kazi ya palizi, na chama cha msingi hukosa kilo ambazo zingepita kwenye mizani yake. Mara nyingi tumeikemea butura mikutanoni. Ni mara chache tumeuliza ni haja gani za nyumbani zinazoileta. Somo hili lachukua haja moja tu: nguo za mtoto tangu kuzaliwa hadi kutimiza miaka mitatu.

Haja hii hujulikana miezi mingi kabla haijafika. Hata hivyo, mtoto akizaliwa mwezi wa Februari au Machi katika nyumba ya mwanachama wa Ngenge au kwingineko Muleba na Bukoba, fedha za msimu uliopita aghalabu zimekwisha kutumika, na za msimu ujao zingali mtini. Shabaha yetu ni kuonyesha kwamba mtoto aweza kuvikwa vizuri bila kuigusa kahawa hiyo.

1. Mtoto huiacha nguo kabla haijachakaa

Mtoto mwenye afya huzaliwa na urefu wa karibu sentimita 50. Atimizapo mwaka mmoja huwa na sentimita 75 hivi, na atimizapo miaka miwili karibu 86. Maana yake ni kwamba katika mwaka wa kwanza huongezeka sentimita 25, na katika mwaka wa pili nusu yake tu. Kwa hiyo nguo za miezi ya kwanza ziwe chache sana. Nguo za mwaka wa pili ndizo zinazostahili kununuliwa imara, kwa sababu zitavaliwa muda mrefu zaidi.

Tufanye hesabu ya mfano. Gauni la shilingi 6,000 likivaliwa miezi minne na mtoto mmoja, kila mwezi wa kuvaa umegharimu shilingi 1,500. Likivaliwa na watoto watatu, mmoja baada ya mwingine, kila mwezi umegharimu shilingi 500. Bei ya dukani haikupungua hata senti. Kilichobadilika ni matumizi.

2. Kushona kwa kutazama mbele

Kitambaa kipya cha pamba kifuliwe kabla ya kukatwa, maana hurudi kikiingia maji. Fundi cherehani aombwe kuacha pindo pana chini na mikunjo miwili mabegani, itakayofunguliwa mtoto akikua. Kiunoni lastiki inayobadilika ni bora kuliko vifungo. Lakini shingoni pasiwekwe kamba kamwe, kwa kuwa yaweza kumkaba mtoto, na vifungo vyote vishonwe kwa nguvu ili asivimeze.

Kwa nepi, khanga kuukuu yatosha. Khanga moja ina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa 110. Hutoa vipande sita vya sentimita 50 kwa 55, na viwili viwili vikishonwa pamoja ni nepi tatu nene. Basi doti mbili zilizochakaa hutoa nepi 12, ambazo kwa kufua kila siku zaweza kumtosha mtoto mchanga. Wakati wa mvua nyingi ziongezwe chache, kwani hukawia kukauka. Wazee wetu wanaijua njia hii vizuri, hasa wale waliolea watoto mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati nguo zilipokuwa adimu nchini.

3. Mitumba, usafi na hifadhi

Mitumba hupunguza gharama ikichaguliwa kwa makini. Tazama mishono, kwapa na magoti kabla ya kuuliza bei. Usinunue nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa. Shirika la Viwango Tanzania limezipiga marufuku.

Nguo yoyote iliyotoka kwa mtu mwingine ifuliwe kwa maji moto na sabuni, ianikwe juani, kisha ipigwe pasi ya moto pande zote mbili, hasa kwenye mishono. Yuko nzi atagaye mayai juu ya nguo zenye unyevu, na funza wake huingia katika ngozi ya mtoto na kuleta majipu. Pasi ya mkaa huyaua mayai hayo.

Nguo zinazohifadhiwa zisiwekewe vidonge vya naftalini, vile vyeupe vya kufukuza nondo. Kuna watoto waliozaliwa na upungufu fulani katika damu ambao hauonekani kwa macho, na upungufu huo ni wa kawaida zaidi katika nchi zenye malaria. Mtoto wa namna hiyo akivishwa nguo yenye naftalini, chembe zake za damu zaweza kuvunjika na akapatwa na manjano ya hatari. Sanduku kavu lenye kifuniko latosha.

4. Pasipopaswa kubana

Kuweka akiba si kumwacha mtoto na baridi. Mtoto mchanga huhitaji vazi moja au mawili zaidi ya mtu mzima aliye chumba kimoja naye. Kofia, soksi na shuka la kumfunika ni vitu vya kwanza kununuliwa. Akiba itafutwe katika mapambo, viatu vya mtoto asiyetembea, na nguo za sherehe zinazovaliwa mara moja.

5. Kazi ya chama

Wale watu 28 walioanzisha duka la ushirika mjini Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, baadhi yao wakiwa wafumaji wa nguo, hawakuwa na mtaji mkubwa. Walianza na bidhaa chache za kila siku za nyumbani. Nasi, tuliorithi Muungano ulioanzishwa Bukoba mwaka 1950, twaweza kuanza na haya matatu:

(a) Sanduku la mzunguko. Familia huleta nguo ambazo mtoto amezikua, na huchukua za umri unaofuata. Katibu, au mama atakayechaguliwa na mkutano, aandike katika daftari: tarehe, aina ya nguo, umri, aliyeleta, aliyechukua. Bila daftari, sanduku litakuwa tupu baada ya muda mfupi na lawama zitajaa.

(b) Ununuzi wa pamoja. Familia kumi zikichanga na kununua jora zima, hupata bei ya jumla na kugawana kwa mita.

(c) Akiba ya uzazi. Malipo ya kahawa yanapotolewa, familia inayotarajia mtoto itenge kiasi kidogo papo hapo. Fedha iliyotengwa Agosti ndiyo itakayoizuia butura ya Machi.

Maswali ya kujadili

1. Katika chama chetu, ni haja zipi za nyumbani zinazowapeleka wanachama kwenye butura?
2. Je, baba na mama hupanga pamoja matumizi ya fedha ya kahawa kabla haijalipwa?
3. Nani ataaminiwa kutunza sanduku na daftari lake, na atakaguliwa na nani?

Makatibu waombwa kulisoma somo hili mbele ya wanachama, akina mama wakiwapo, na kuandika maazimio katika kumbukumbu za mkutano. Kahawa iliyobaki mtini hadi ikomae ndiyo itakayomvika mtoto huyo huyo miaka ijayo.